Drili ya kona: pima nafasi kabla ya kuulizia nguvu

Kabati la jikoni la upana wa milimita 300 huonekana dogo tu kwenye mchoro, lakini udogo wake utaujua ukishapiga magoti mbele yake na drili mkononi. Limetengenezwa kwa MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18. Toa 36 za kuta mbili, ndani zinabaki 264. Humo ndimo unapotakiwa kupiga skrubu za milimita 30 kulifunga na kabati la jirani yake, ili milango ya mbele ikae kwenye mstari mmoja. Drili yangu ya kila siku, ya volti 18, ina milimita 190 kutoka kisogoni hadi mdomoni. Kishikio cha sumaku pamoja na biti yake vinatokeza 60. Weka na skrubu, 30. Jumla ni 280, na kabati lina 264.

Hizo milimita 16 zinazokosekana ndizo zimeharibu kabati nyingi. Fundi analaza drili kidogo, anapiga skrubu kwa mshazari. Biti inaruka na kukwangua melamini, yaani lile tabaka gumu la juu ya ubao, kichwa cha skrubu kinatafunika, na hata ikiingia hailali vizuri. Upande mmoja unabaki umeinuka, na kitambaa cha kufutia kitanasa hapo kila siku. Mteja haoni siku ya kukabidhiwa. Anaona baada ya mwezi.

Drili ya kona ilitengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Ni drili ambayo kichwa chake kimepinda nyuzi 90 kutoka kwenye mwili, kwa hiyo mwili unalala sambamba na ukuta wakati biti inaingia ukutani wima. Mafundi wenzangu huniuliza mara kwa mara wanunue ipi, na karibu wote huanza na swali la volti, au la nguvu. Swali la kwanza ni la milimita, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuone drili ya kawaida imerefuka kwa sababu gani. Umbo la bastola tulilolizoea lilitoka kwa Black & Decker, kampuni ya Marekani iliyopata hataza yake mwaka 1917. Ndani ya umbo hilo vitu vitatu vimepangwa foleni: mota nyuma, gia katikati, mdomo mbele, yaani zile taya tatu zinazobana biti. Unaweza kufupisha kila kimoja, na watengenezaji wamefupisha sana, hasa tangu zije mota zisizo na kaboni. Lakini foleni ni foleni. Drili ya kona inavunja foleni hiyo. Mota na gia zinahamia kwenye mpini, na kichwani kunabaki gia mbili za umbo la koni zinazokutana kwa pembe, moja ikipokea mzunguko na nyingine ikiugeuza upande. Kinachosimama mbele ya tundu lako ni unene wa gia hizo na urefu wa mdomo, basi.

Ukienda Kariakoo au Gerezani kuulizia kitu cha kupiga skrubu kwenye kona, unaweza kuoneshwa vitu vinne vyenye kazi tofauti kabisa. Cha kwanza ni drili ya kona yenyewe, ndogo, ya volti 12 au 18, yenye mdomo wa milimita 10. Cha pili ni kichwa cha kona kinachouzwa peke yake, unachokibana kwenye drili uliyonayo. Cha tatu ni waya wa kupinda, ule unaofanana na mpira wa breki, na mdomo wa pembe sita mbele. Cha nne ni jitu lenye mdomo wa milimita 13 na mpini wa pembeni, ambalo Marekani wanalijua kwa jina la Hole Hawg, la kampuni ya Milwaukee.

Hilo la nne linahitaji maelezo, kwa sababu ukitazama video za mafundi wa Marekani utadhani ndilo la kununua. Wenzetu kule nyumba zao nyingi ni za mbao. Ndani ya ukuta kuna nguzo zilizopangwa kila inchi 16, sawa na milimita 406 kutoka kati hadi kati, na ukitoa unene wa nguzo unabaki na uwazi wa milimita 368 hivi. Fundi umeme na fundi bomba wa kule wanatoboa nguzo hizo siku nzima, matundu ya kupitisha waya na ya kupitisha bomba, na drili ya bastola ikiwa na biti ndefu haikai katikati ya nguzo mbili. Kwetu ukuta ni tofali, na mbao nzito utazikuta juu kwenye kenchi, ambako mara nyingi nafasi ipo. Fundi wa kabati, wa magari au wa mabomba wa Dar es Salaam anayenunua jitu lile amenunua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Turudi kwenye milimita. Kipimo kinachotawala ni urefu wa kichwa: kutoka mgongo wa kichwa hadi ncha ya mdomo. Drili nyingi ndogo za kona ziko kama milimita 90 hadi 100. Tuchukue 95. Kwenye kabati letu la ndani 264, weka 95, biti ya kufungia skrubu inayotokeza 30, na skrubu ya 30. Jumla 155. Zinabaki 109 nyuma ya kichwa, na hapo kiganja kinaingia. Raha ya mashine hii iko hapo: unaweka kiganja nyuma ya kichwa, moja kwa moja kwenye mstari wa biti, unasukuma kwa bega. Drili ya bastola hata ingetosha kwa kubanwa, usingepata pa kuisukumia.

Ukiulizia urefu wa kichwa dukani, uliza umepimwa wapi. Kuna maelezo yanayohesabu mpaka mwisho wa mdomo, na kuna yanayohesabu kichwa cha gia peke yake bila mdomo. Tofauti inaweza kufika sentimita tatu au nne, na kwenye kazi hii hiyo ni sawa na kununua mashine nyingine. Mimi huwa naenda na futi kamba mfukoni, nafungua boksi, napima mwenyewe.

Ila kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau, nalo ni biti. Biti ya kawaida ya chuma ya milimita 8, kwa kipimo cha Kijerumani cha DIN 338 ambacho biti nyingi za dukani hufuata, ina urefu wa milimita 117. Ya 6 ina 93. Ya 10 ina 133. Sasa fikiria: umelipa fedha nyingi upate kichwa cha milimita 95, halafu mbele yake unafunga biti ya 117. Hata ukitoa sehemu inayozama mdomoni, biti imekula nafasi kuliko kitu kingine chochote.

Zipo biti fupi. Zinatengenezwa kwa kipimo kingine, DIN 1897, kwa ajili ya mashine za viwandani, na hazipatikani kila duka, lakini wauza vifaa vya karakana za chuma wanazo au wanaweza kukuagizia. Ya milimita 8 ina urefu wa 79, ya 6 ina 66, ya 10 ina 89, na ile ya 3 ina 46 badala ya 61. Kwa biti ya 8 peke yake umeokoa milimita 38. Hakuna drili mpya utakayonunua ikupe milimita 38 kwa bei ya biti moja. Tena biti fupi haipindi, haitetemeki, na haivunjiki ovyo ikitoka upande wa pili wa bati. Ukikosa ya kununua, chukua biti ya kawaida iliyochakaa, ikate kwa grinda upande wa ncha na uinoe upya. Inataka mkono uliozoea kunoa na miwani machoni, na uwe unaichovya majini isipoteze ugumu kwa joto.

Kwa skrubu habari ni ileile. Achana na kishikio cha sumaku. Tumia biti ya milimita 50 moja kwa moja mdomoni, au ya 25 kama kichwa chako kina tundu la pembe sita. Nilipofanya hivyo kwenye kabati letu la mfano, ile drili ya kawaida ya 190, ikiwa na biti inayotokeza 35 na skrubu ya 30, ilishuka hadi 255. Ndani kuna 264. Inaingia! Nafasi ya kusukuma haipo, lakini kwa skrubu za kukaza kidogo tu inatosha. Kwa hiyo mtu mwenye kabati moja la aina hiyo kwa mwaka asikimbilie dukani. Biti ya bei ndogo imemtosha.

Sasa chukua kabati jembamba la chupa za mafuta na viungo, lile la upana wa 150. Ndani ni 114. Drili ya kona yenye mdomo inataka 155, haiingii. Hapa ndipo kichwa kisicho na mdomo, chenye tundu la pembe sita tu, kinapofanya kazi ambayo hakuna mwingine anaiweza. Vipo vyenye urefu chini ya milimita 60. Weka 55, biti inayotokeza 12, skrubu 30: 97. Zimebaki 17, vidole viwili vinapita. Hasara yake ni kwamba hakibani biti ya kawaida ya mviringo. Unahitaji biti zenye shina la pembe sita la robo inchi, yaani milimita 6.35, na hizo huwa na mchezo kidogo tunduni, kwa hiyo tundu lake halitoki safi kama la biti iliyobanwa na taya tatu. Kwa tundu la kuongoza skrubu hakuna neno. Kwa tundu la kupitisha bolti ya injini, hapana.

Ndiyo maana fundi magari na fundi kabati hawawezi kushauriana kirahisi. Wa kabati anafunga skrubu nyingi na kutoboa kidogo. Wa magari anatoboa chuma, anatoa riveti, anapanua matundu yaliyoliwa na kutu nyuma ya dashibodi. Yeye anahitaji mdomo wa taya tatu, na anahitaji mashine inayotulia kwenye mwendo wa chini. Biti ya milimita 10 kwenye chuma cha kawaida inapenda mizunguko kama 900 kwa dakika. Ya 3 inaweza kwenda zaidi ya 2,500. Mashine yenye kasi moja tu, isiyopungua kwa kubonyeza kidogo, itaunguza biti zake zote kubwa.

Kuhusu nguvu, sasa. Nguvu ya msokoto hupimwa kwa Nyutoni-mita, Nm. Bosch GWB 12V-10, drili ndogo ya kona ya kampuni hiyo, imeandikwa 11 Nm kwenye mzunguko wa juu wa 1,300 kwa dakika. Anayetoka kwenye drili ya volti 18 yenye 50 au 60 Nm ataona 11 ni aibu. Lakini fikiria mkono wako unaishika wapi. Biti ikinasa ghafla, mwili wa mashine ndio unaotaka kuzunguka. Kwa 11 Nm, ukiwa umeshika sentimita 25 kutoka kwenye biti, mkono unapokea msukumo kama wa kilo nne na nusu. Unauzuia. Kwa mashine ya 100 Nm umeshika sentimita 30, ni kama kilo 34 zinazokuja kwa kishindo, na upo ndani ya kabati ambalo huwezi kurudi nyuma.

Mimi kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto kina kovu la kazi hii. Nilikuwa chini ya sinki, natoboa bamba la chuma la kushikia bomba, na biti ya 10 ilipokuwa inatoka upande wa pili ikanasa. Mashine ikazunguka robo mduara na kukibana kidole kati ya mwili wake na ukingo wa kabati. Haikuwa mashine kubwa. Kosa lilikuwa kuweka mkono upande ambao mwili ungeelekea. Tangu siku hiyo, kabla ya kubonyeza, naangalia mashine ikizunguka kinyume cha biti itagonga nini, na nauacha mwili uegemee ukingo huo tangu mwanzo. Ikinasa haina pa kwenda.

Kwa matundu makubwa, kama ya kupitishia bomba la inchi mbili kwenye kabati, drili ndogo ya kona haifai. Itasimama, itapata joto, utaua mota. Toboa kabla hujalisimamisha kabati, au ingia na drili ya kawaida upande wenye nafasi. Na ukuta wa zege usiufikirie kabisa: drili hizi hazigongi, zinazunguka tu. Kazi ya zege ni ya mashine ya SDS, ile drili ya kugonga ya kutobolea zege.

Je, kichwa cha kubana kwenye drili uliyonayo hakitoshi badala ya mashine nzima? Mara nyingi kinatosha, na kwa fundi anayeanza ningemshauri aanzie hapo. Lakini ajue anachokinunua. Kichwa kinapunguza nafasi inayohitajika mbele, kisha kinairudisha pembeni: drili yako ya 190 sasa imelala ubavu, pamoja na shingo ya kichwa chenyewe, na mpini wake wa bastola umechomoza. Jumla inapita milimita 300 kwa urefu. Ndani ya kabati refu inakaa, nyuma ya sinki haikai. Pia unahitaji mikono miwili, mmoja kwenye drili na mwingine kwenye shingo, la sivyo kichwa chote kinazunguka pamoja na mota.

Kingine ni gia zake. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha bei ya chini, na nikakifunga kwenye mashine ya impakti, ile inayogonga wakati inazungusha. Skrubu ya kumi na kitu hivi kikaanza kulia kama changarawe. Nilipokifungua, grisi ilikuwa nyeusi, inametameta vipande vya chuma. Meno ya gia ndogo yalikuwa yamelika upande mmoja. Vichwa vya kona vya impakti vipo, na huandikwa hivyo waziwazi. Kisichoandikwa kitumie kwenye drili ya kawaida tu, kwa mwendo wa pole. Bosch wana njia ya tatu katika drili zao za FlexiClick: mdomo unachomoka na unaweka cha kona mahali pake, kikishikwa imara kwenye mwili. Inapunguza urefu wa jumla na kero ya mkono wa pili, ila umefungwa kwenye aina moja ya mashine.

Ule waya wa kupinda nao unafaa kwa skrubu laini, kama kufungua redio ya gari au kukaza na kulegeza vibanio vya mipira. Kutobolea hapana. Unajisokota kama kamba kabla biti haijazunguka, kisha unaachia kwa mkupuo.

Suala la volti limeleta mkanganyiko usio wa lazima. Mashine iliyoandikwa 12V na iliyoandikwa 10.8V zinaweza kuwa na betri ya aina moja: seli tatu, kila moja volti 3.6 ikiwa kazini na 4 ikiwa imejaa. Zidisha uone. Vilevile 20V Max ya DeWalt inayouzwa Marekani na 18V inayouzwa kwingine: seli tano zote mbili. Kwa drili ya kona, volti 12 ina faida ambayo karatasi ya matangazo haiisemi: betri yake nyembamba inazama ndani ya mpini, wakati ya 18 ni tofali linalobaki mkiani na kugonga kila ukuta. Kama tayari una betri za 18 za kampuni fulani na kazi zako zina nafasi ya urefu, nunua ya 18 ya kampuni hiyohiyo, utaokoa fedha. Kama unaanza upya na kazi yako ni kabati, 12.

Ndugu aliyeko Marekani akikuletea zawadi, mwambie mapema kuhusu chaja. Za kule zimetengenezwa kwa volti 120. Kwetu Tanzania ukutani kuna 230, Kenya 240. Zipo chaja zinazokubali zote, na huandikwa mgongoni 100–240V. Isiyoandikwa hivyo ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Betri asizipakie kwenye begi la kupelekwa chini ya ndege. Za akiba husafiri kwenye begi la mkononi, na zile zisizozidi saa-wati 100 hukubaliwa kwa kawaida. Ya volti 18 na ampea-saa 5 ni saa-wati 90 (18 mara 5), inapita.

Siku ya kununua, nenda na vitu vitatu: futi kamba, biti ya milimita 6 iliyonyooka, na kipande cha boksi ulichokikata kwa urefu wa nafasi yako finyu kuliko zote. Funga biti, weka mashine juu ya boksi, uone kama inatosha na kama kuna pa kuweka kiganja. Kisha iwashe kwa kubonyeza kidogo sana, utazame ncha ya biti: ikichora mduara hewani, mdomo haujanyooka, rudisha. Ishike kama utakavyoishika kazini, siyo kama bastola. Kibonyezo kizuri cha drili ya kona ni kirefu, kinafika kwenye vidole vyote vinne, kwa sababu ndani ya kabati hutajua kidole kipi kitabaki na nafasi. Jaribu kubadili mzunguko wa mbele na nyuma kwa mkono mmoja, macho yamefumba. Na ukiwa bado dukani, shika kichwa kwa vidole baada ya dakika moja ya kuzunguka bila kazi. Kikiwa na joto tayari, gia hazijakaa vizuri au grisi haipo, na hiyo usiichukue hata wakikupunguzia bei.